Gonga Mara Tatu, Usubiri

"Pinduka."

"Ngoja kwanza, Kocha, nipumue."

"Umepumua tangu asubuhi, mwanangu. Pinduka."

Sindano aliyatazama maji kama mtu anavyomtazama mkwe asiyemtaka. Yalikuwa ya kijani na yametulia, na hayakuwa na ubaya wowote naye. Ubaya ulikuwa kwenye zoezi.

Zoezi lenyewe halina huruma. Unajipindua na kayaki yako, mtumbwi mwembamba wa mtu mmoja, kichwa chini, umekaa palepale kitini kama popo. Hutoki. Unatoa mikono juu ya maji, unaligonga tumbo la kayaki mara tatu, pa, pa, pa, kisha unapapasa ubavuni huku na huku na kusubiri. Mwenzako anakuletea pua ya kayaki yake mkononi. Unaishika, unajiinua, unaendelea na maisha. Asiyeweza kusubiri anavuta kitanzi cha sketi, kile kitambaa kinachofungwa kiunoni na kuuziba mdomo wa kayaki maji yasiingie. Anachomoka, anaibuka pembeni akikohoa. Si dhambi, ila zoezi limekushinda.

Sindano hakuziogopa sketi. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya sketi zilizokuwa majini siku ile ya mkutano wa klabu alizishona mwenyewe. Sketi yake ya zambarau, yenye mshono maradufu, aliiamini kuliko ndugu zake wengine. Alichoogopa ni ile sehemu ya kusubiri.

"Atachomoka tu huyo," ilisema sauti nyuma yake. "Mwaka jana bila mimi angekuwa chakula cha samaki. Muulizeni."

Huyo ndiye Bingwa, mchumba wake. Kifua kama kabati, na kila mbio za klabu anachukua kikombe. Watu wakacheka kwa adabu, maana kisa kile walishakisikia mpaka wangeweza kumsaidia kukisimulia.

Katika mkutano wa mwaka uliopita upepo uligeuka ghafla na watu wakapinduka ovyo. Sindano akaning'inia kichwa chini, akagonga, akasubiri, na pua ya kayaki ikamjia mkononi. Akajiinua akikohoa, nywele usoni, chumvi machoni. Alipofumbua macho, Bingwa alikuwa ubavuni ameishika kayaki yake. "Nimekushika. Usiogope." Mwezi haukuisha wakawa wachumba. Utamkatalia vipi mtu aliyekurudishia pumzi?

Kitu kimoja tu kilikuwa kimemkaa Sindano mkononi. Kule chini macho hayaoni, vidole ndivyo vinavyoona, na vidole vyake viliona kishikio kwenye ncha ya ile pua: chembamba, kimezungushiwa uzi wenye nta, mzunguko juu ya mzunguko, umebanwa na mtu mwenye subira. Fundi hasahau uzi. Siku chache baadaye akaenda kukitafuta kwenye kayaki ya Bingwa, akakuta cha plastiki.

"Kile cha uzi kiko wapi?"

"Nilibadilisha."

Akaamini. Mapenzi yakiwa mapya hayana maswali ya pili.

"Haya," Kocha alisema. "Maji hayachoki kusubiri, mimi nachoka."

Sindano akapinduka. Dunia ikawa ya kijani na kelele zote zikakatika. Pa. Pa. Hapo pumzi ikamdanganya kwamba imekwisha, mkono ukakimbilia kitanzi wenyewe, akachomoka. Alipoibuka, cha kwanza kusikia kilikuwa kicheko cha Bingwa.

Mwanamume mmoja, mgeni kutoka klabu nyingine, alikuwa amesimama kwenye maji ya kifuani akisaidia wanaoanguka. Akamrudishia kasia.

"Umegonga mara ngapi?" akauliza.

"Mara mbili."

"Basi imebaki moja."

Sindano akamkodolea macho. "Wewe ni nani?"

"Wananiita Gego. Ninang'oa meno. Wiki nzima watu wananitazama kama wewe ulivyoyatazama maji."

"Na kayaki yako iko wapi, au umekuja kutuhesabia?"

"Bado iko juu ya gari. Mgonjwa wa mwisho alinichelewesha, aling'ang'ania jino lake kama urithi."

Sindano akacheka, kicheko cha kweli, cha kwanza tangu wafike. Bingwa akakisikia, na hakukipenda.

*

Mchana walikula kwenye ukumbi wa klabu, jaketi za uokoaji zikining'inia ukutani na kuchuruzika sakafuni. Sindano akampigia shangazi yake, aliyemlea tangu akiwa mdogo.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Uko hai?"

"Niko hai. Zoezi limenishinda tena."

"Zoezi la kukaa kichwa chini likikushinda maana yake una akili. Huyo kabati wako yuko wapi?"

"Shangazi, ana jina."

"Hata kabati lina jina. Haya, yuko wapi?"

Bingwa alikuwa anakuja na vikombe viwili vya chai, vyote viwili vyake. Sindano akaaga haraka, akaiweka simu mezani.

"Nimeongea na mwenye nyumba wako," Bingwa alisema akiketi.

"Mwenye nyumba gani?"

"Wa kile chumba chako cha cherehani. Mwisho wa mwezi unarudisha funguo. Harusi ikishapita hutakuwa na haja nacho."

Sindano alihisi chai anayoitazama imepoa ghafla. "Umeongea naye bila kuniambia?"

"Si ndiyo nakuambia? Mke wangu hawezi kushinda ameinamia cherehani, watu watasema nini?"

"Chumba kile nimekihangaikia miaka, Bingwa. Nililala humo kabla sijawa na pa kulala."

"Na usingizi huo ungekufaa nini kama mwaka jana nisingekuwepo?" Akamshika bega, kwa upole wa mtu anayejua ameshinda. "Sidai kitu. Nakukumbusha tu."

Akaondoka na vikombe vyake. Simu ikalia mlio wa ujumbe.

"Mlango wa simu hukuufunga vizuri, nimesikia yote. Mtu akikutoa kisimani hapati haki ya kukufungia kabatini. Shangazi yako nimesema, nimenyamaza."

Kabla hajajibu, ukaingia wa pili.

"Sijanyamaza. Funguo usirudishe."

Sindano akaandika: "Shangazi, aliniokoa."

Jibu likaja upesi: "Najua. Anatukumbusha kila Jumapili."

*

Alasiri Kocha akawakusanya wote majini, kayaki zimejipanga duara.

"Sasa tuone zoezi likifanywa na anayelijua. Bingwa, njoo. Tuonyeshe ulivyomwinua mwenzako mwaka jana."

"Leo bega linaniuma, Kocha."

"Asubuhi ulibeba kayaki mbili mara moja ukitafuta wa kukutazama. Bega limeanza kuuma lini?"

Duara likacheka, na safari hii si kwa adabu. Sindano akasogeza kayaki yake katikati.

"Nitapinduka mimi."

"Una hakika, mwanangu?"

"Aliyeniokoa kwenye mawimbi atashindwa kwenye maji matulivu?"

Akamgeukia mchumba wake, akashusha sauti. "Nikigonga mara tatu, uje."

"Nitakuja. Wasiwasi wa nini?"

Hakumwambia alichokuwa ameapa moyoni akiwa ukumbini: akija, nitarudisha funguo. Nitaifunga cherehani, nitakuwa mke wa Bingwa, na sitalalamika, maana pumzi hii ni yake. Basi akaivuta hiyo pumzi, akapinduka.

Kijani. Kimya.

Pa. Pa. Mkono ukatamani kitanzi, akaukatalia. Pa.

Akaanza kupapasa ubavuni. Hakuna kitu. Akasikia kishindo kwenye tumbo la kayaki, mbali, kule nyuma ya mgongo wake, kama mtu aliyegonga mlango usio wenyewe. Kayaki ikayumba. Kimya tena. Akapapasa kulia, maji matupu. Kushoto, maji matupu. Kifua kikaanza kuwaka, na kidole kimoja kikawa kimeshagusa kitanzi.

Ndipo mkono wa kushoto ukakutana na uzi.

Mwembamba, wenye nta. Mzunguko juu ya mzunguko.

Sindano akaushika, akajiinua, jua likampiga usoni. Hakukohoa. Alifuta macho kwa mkono mmoja, na ule mwingine hakuuachia. Mbele yake kulikuwa na pua ya kayaki ya rangi ya chungwa iliyopauka, na mwisho wake kishikio cha ajabu: miswaki miwili iliyokatwa vichwa, imefungwa pamoja kwa uzi wa kusafishia meno. Nyuma ya kishikio, Gego, anahema.

"Samahani," Gego alisema. "Niliona mwenzangu amepotea njia."

Kweli Bingwa alikuwa kule nyuma, kayaki imekaa mshazari, anahangaika kurudi kinyumenyume.

"Hiki kishikio ni cha tangu lini?" Sindano aliuliza.

"Kitambo. Cha dukani kilikatika, nikafunga nilichokuwa nacho kliniki."

"Mwaka jana ulikuwepo hapa?"

Gego alimtazama Bingwa, kisha akayatazama maji. "Nilikuwepo."

"Uliinua mtu?"

"Wachache. Siku ile watu walikuwa wanapinduka kama mende."

"Wa kwanza alikuwa nani?"

"Jina sikuliuliza. Alikuwa na sketi ya zambarau. Mshono maradufu."

Duara zima likaitazama sketi ya Sindano. Hata waliokuwa hawajui tofauti ya mshono na mkunjo wakaitazama.

"Kwa nini hukusema?"

"Kulikuwa na mwingine anagonga, nikamkimbilia. Nilipogeuka wewe ulikuwa umeshamkumbatia mtu." Gego akajikuna shingo. "Ningesema nini? Samahani dada, hilo kumbatio ni langu?"

Kuna aliyecheka mpaka kasia likamponyoka. Bingwa alikuwa amefika, uso umemvimba.

"Sasa kuna tofauti gani? Mimi pia nilikuwepo. Nilikushika."

"Ulinishika nikiwa nimeshainuka."

"Nilikushika lakini."

"Kishikio cha uzi ulisema ulikibadilisha. Ulikibadilisha?"

Bingwa akaanza kupangusa kasia lake.

"Mjibu mtoto wa watu," Kocha alisema taratibu.

Bingwa akageuza kayaki, akapiga kasia kuelekea nje kwa nguvu zake zote.

"Hakuna anayevuka maboya peke yake," Kocha akampigia kelele. "Sheria unaijua, rudi."

Hakurudi. Nje ya maboya upepo ulikuwa umeshaanza kuchana maji, na hasira si nahodha. Wakamwona akipanda wimbi moja, la pili likamkuta ubavuni, na mahali palipokuwa na kabati pakabaki tumbo la kayaki.

Wakasubiri agonge. Hakugonga. Alichomoka, akaibuka, akapiga filimbi. Na hapo akafanya kosa ambalo hata watoto wa klabu wanachapwa maneno kwa ajili yake: akaiachia kayaki yake ichukuliwe na upepo, akabaki na kasia tu mkononi.

"Kocha, mimi ndiye niliye karibu," Sindano alisema.

Kocha alimtazama yule fundi aliyekuwa haogopi kitu asubuhi isipokuwa kila kitu. "Nenda. Gego, mfuate. Usiguse kitu mpaka akuambie."

Sindano alipiga kasia kama anavyokanyaga cherehani siku ya kukabidhi nguo: bila pupa, bila kusimama. Alipofika, Bingwa alinyoosha mikono yote miwili kuirukia kayaki ya Sindano.

"Usinipande. Shika pua, tulia."

"Nazama, Sindano."

"Umevaa jaketi, huzami. Shika pua, kumbatia kwa miguu. Hivyo hivyo. Gego, niletee kayaki yake."

"Inakuja, bosi."

Gego akaisukuma mpaka mkononi mwake. Sindano akaivuta ile pua juu ya mapaja yake, ikapanda kwa kelele, maji yakamwagika kutoka mdomoni mwa kayaki kama mtu anayetapika uongo. Akaigeuza, akailaza sambamba na yake, akailalia kwa kifua kuibana.

"Njoo nyuma. Panda kwa tumbo, kama mjusi. Miguu iingie kwanza. Geukia kwangu."

"Itapinduka."

"Nimeishika. Geuka."

Bingwa akageuka, akaketi, akafunga sketi. Kwa muda walibaki hivyo, kayaki mbili bega kwa bega, mawimbi yakiwanyanyua na kuwashusha pamoja.

"Usiwaambie watu nililia," alisema.

"Ni maji ya chumvi. Nitajua vipi yapi ni yapi?"

"Sindano, mimi nakupenda kweli."

"Ulipenda shukrani zangu, Bingwa. Kila zilipopungua ulinikumbusha nikuongezee."

"Niliogopa. Niliona umenishukuru, nikaogopa kusema siye mimi. Halafu siku zikapita."

"Hilo ningekusamehe. Uoga naujua, nimeamka nao leo asubuhi. Lakini funguo za chumba changu ulizitaka kwa pumzi ambayo hukunipa." Akaikagua sketi ya Bingwa kama imefunga vizuri, kwa mazoea ya kazi. "Mimi nimekuokoa leo, na siulizi nyumba yako ina funguo ngapi."

Bingwa akainamisha kichwa.

"Pete yako nitakupa nchi kavu," Sindano akamalizia. "Nikikupa hapa ikaanguka, watu wakiuliza iko wapi utasema umebadilisha."

Gego, aliyekuwa amejifanya hasikii, akashindwa, akacheka akatazama pembeni.

Walipokaribia ufukwe, Kocha aliinama kwenye kayaki iliyokuwa imelazwa kifudifudi mchangani, akaipiga kwa kiganja. Pa, pa, pa. Wa pembeni yake akaitikia kwenye ya kwake, na mwingine, mpaka ufukwe mzima ukawa ngoma moja. Sindano aliyavuka yale maji ya mwisho akiwa amenyoosha mgongo. Kocha akavua filimbi yake mwenyewe, akamvalisha shingoni.

"Mwaka ujao zoezi hili utalifundisha wewe."

"Kocha, mimi leo tu ndiyo nimeliweza."

"Ndiyo maana. Hujasahau lilivyo gumu."

Pete ikamfikia mwenyewe nchi kavu, kiganjani, mbele ya kila mtu na bila hotuba. Simu iliyofuata ilikuwa fupi.

"Shangazi, siolewi."

"Shukuru Mungu. Ngoja nikae." Kiti kikasikika kikivutwa. "Nimeshakaa. Haya, anza mwanzo, na usiruke kitu."

*

Gego alikuwa anafunga kayaki juu ya gari Sindano alipomfuata.

"Nikuambie ukweli," Sindano alisema. "Sitaki kumpenda mtu kwa shukrani mara ya pili."

"Na mimi shukrani sijazizoea. Wagonjwa wangu wananilaani midomo ikiwa wazi."

"Basi tuko sawa."

"Tuko sawa. Ila kishikio changu kimeanza kulegea leo, umekivuta kama ng'ombe. Nasikia kuna fundi anayejua uzi."

"Kilete chumbani kwangu. Foleni ni ndefu."

"Nitasubiri."

Akakileta. Sindano akamwambia njoo wiki ijayo, akaja wiki ijayo. Akamwambia bado, akasema sawa, akakaa kwenye kiti cha wateja akimsaidia kuchambua vifungo kwa koleo la meno. Hakuwahi hata siku moja kutaja habari za pua wala za kupinduka. Wateja wakamzoea. Mmoja alidhani ni mwanafunzi wa ushonaji, akamwagiza suruali. Msimu ukaisha, kishikio bado kiko kwenye meza ya fundi, kimeshakamilika zamani na fundi anajua.

Asubuhi moja Sindano alifunga chumba chake, akatia funguo mfukoni, akaenda kliniki. Kwenye foleni kulikuwa na watu wameshika mashavu. Akawapita, akafika kwenye mlango wa daktari, akaupiga kwa kiganja.

Pa. Pa. Pa.

Ndani kitu cha chuma kikaanguka. Mlango ukafunguka, Gego kavaa barakoa, glavu mikononi, na nyuma yake mgonjwa kaacha mdomo wazi akitaka kuona.

"Nani anapinduka?" Gego aliuliza.

"Mimi," Sindano alisema. "Na safari hii sichomoki."

Mgonjwa kwenye kiti akasema kitu. Kwa kuwa nusu ya mdomo ilikuwa ganzi hakueleweka, lakini foleni nzima ikamwitikia amina.

Jioni ile ujumbe ulimfikia Shangazi: "Nimepata mchumba. Yule wa miswaki."

"Naye amekuokoa?"

"Ameniokoa. Ila si kwa hilo. Huyu amejua kusubiri."

Shangazi, ambaye kwa kawaida hakosi neno, safari hiyo alituma neno moja tu: "Shona."

Akashona. Walioana kwenye mkutano uliofuata wa klabu, pale pale ufukweni, wakipita chini ya makasia yaliyoinuliwa pande mbili. Bingwa alikuwepo, kasia lake limenyooka kuliko yote. Asubuhi ile alikuwa amepinduka mbele ya mwalimu mpya mwenye filimbi, akagonga mara tatu, na kwa mara ya kwanza maishani akasubiri mpaka akainuliwa. Shangazi alimtazama bwana harusi juu mpaka chini, akasema, "Huyu hata akiwa kabati, ni lile la vioo. Kilichomo unakiona."

Gauni la bibi harusi lilisifiwa na kila jicho, na wanawake wakauliza kwa nini gauni zuri hivyo limewekewa mfuko. Sindano alitumbukiza mkono ndani, akatikisa, wakasikia funguo.